Uamuzi wa bandarini hulipwa shambani: barua ya wazi kwa mawaziri wa kilimo, biashara na fedha

Waheshimiwa mawaziri wa nchi za tropiki mnaouza mazao ya kilimo nje,

Kila msimu wa bajeti hotuba zenu hufanana. Tani zilizosafirishwa zimepanda, hekta zimeongezeka, fedha za kigeni zimeingia, mwekezaji mpya amepatikana. Makofi yanapigwa. Kilichobaki mkononi mwa aliyelima hakisomwi popote, na sina hakika kama kila wizara hukitafuta. Nawaandikia kuhusu hesabu hiyo isiyosomwa. Nitatumia zaidi zao la michikichi, kwa sababu ndilo linaloonyesha waziwazi jinsi amri inayosainiwa ofisini inavyoshuka ngazi kwa ngazi, kila mmoja akimtupia wa chini yake, mpaka anayeangukiwa na jumba bovu anakuwa mtu mwenye hekta mbili.

Mkungu wa chikichi ukishakatwa hauna subira. Mvunaji huinua mundu uliofungwa kwenye upondo mrefu, anakata kuti linalouzuia, kisha kikonyo, na mkungu wa kilo 15 au 20 unaanguka kwa kishindo. Chikichi zilizoiva zaidi hutawanyika chini, na kwa sehemu kubwa wanaoinama kuziokota moja moja ni wanawake, ingawa hizo ndizo zenye mafuta mengi kuliko nyingine zote. Kuanzia hapo saa inakwenda. Ndani ya kila chikichi iliyochubuka kuna kimeng'enya kinachoanza kuyavunja mafuta na kuyafanya yawe na asidi, kwa hiyo mkungu unatakiwa uwe umeingia kwenye mvuke wa kiwanda ndani ya saa 24, zikizidi sana 48. Kahawa iliyokaushwa inaweza kungoja bei ikiwa kwenye gunia. Kakao kavu vilevile, korosho vilevile. Chikichi haingoji. Aliyevuna asubuhi, ikifika jioni hana ujanja ila kumuuzia aliyepo, na aliyepo ni kiwanda kimoja, au dalali mwenye lori linaloelekea kwenye kiwanda hichohicho.

Mizani ni ya mnunuzi. Karani wa mnunuzi ndiye anayesema mkungu upi mbichi, upi umepitiliza, upi una kikonyo kirefu mno. Makato huandikwa kwa asilimia, na mkulima huambiwa asilimia hiyo ikishakatwa. Kiwanda kinachoendeshwa vizuri hutoa takriban tani moja ya mafuta ghafi kwa kila tani tano za mikungu. Kiwanda chakavu hutoa pungufu ya hapo, na upungufu huo, ambao ni uzembe wa mwenye kiwanda, huingizwa kwenye bei ya mkulima kama vile miti yake ndiyo yenye kasoro. Halafu kuna mise. Kokwa hizo zinakamuliwa mafuta mengine kabisa, yenye soko lake kwa watengeneza sabuni na vipodozi, lakini tafuta stakabadhi ya mkulima mdogo uone kama zimetajwa.

Dawa ya hili inajulikana. Katika mikoa ya Indonesia inayolima michikichi, serikali ya mkoa huketi na viwanda pamoja na wawakilishi wa wakulima, wakapiga hesabu ya bei ya mikungu kwa kanuni iliyo wazi: bei ya mafuta ghafi, bei ya kokwa, kiwango cha mafuta kulingana na umri wa miti, kisha mgawo wa mkulima, ambao wao huuandika kwa herufi K. Bei inatangazwa, na kila mtu anaweza kuirudia hesabu hiyo mwenyewe. Uganda nayo, kwenye mradi wa kisiwa cha Bugala huko Kalangala, iliijenga bei ya wakulima juu ya kanuni inayofuata soko la dunia. Utaratibu wa Indonesia ulikuwa na tundu kubwa: uliwalenga wakulima wenye mkataba na kiwanda, na wakulima huru, ambao ni wengi zaidi, wakaachiwa madalali. Lakini tundu huzibwa. Kinachotakiwa ni kanuni ya bei inayomgusa kila anayeuza mkungu, mise zikiwemo, mizani inayokaguliwa na mtu asiyelipwa na kiwanda, na stakabadhi inayotaja kila kilichokatwa na sababu yake. Hayo hayahitaji mkopo wala kongamano la wahisani. Yanahitaji kanuni iliyosainiwa na wakaguzi wanaofika kiwandani bila kupiga simu kwanza.

Tuje bandarini, ambako ndiko mnakopenda kupigia picha.

Mwezi Aprili 2022 bei ya mafuta ya kupikia ilikuwa imepaa duniani kote. Vita vya Ukraine vilikuwa vimekwamisha mafuta ya alizeti, na ndani ya Indonesia yenyewe, nchi inayozalisha zaidi ya nusu ya mawese yote ya dunia, watu walikuwa wakipanga foleni kutafuta mafuta ya kukaangia. Rais Joko Widodo akatangaza kupiga marufuku usafirishaji. Amri ilianza kazi tarehe 28 Aprili, ikaondolewa tarehe 23 Mei. Wiki nne hazikutimia. Nia ya kumlinda mnunuzi wa nyumbani siilaumu hata kidogo. Serikali isiyojali bei ya chakula haina kazi. Angalieni tu nani aliyelipia. Matangi ya bandarini yalijaa, kisha ya viwandani yakajaa, na kiwanda chenye matangi yaliyojaa hakina pa kuweka mafuta hata kikipewa mikungu bure. Vingine vikapunguza ununuzi, vingine vikafunga mageti. Bei ya mikungu ikaporomoka wakati bei ya mawese kwenye soko la dunia iko juu, na mbolea nayo haishikiki. Katikati ya Mei wakulima wakaandamana Jakarta. Marufuku ilipoondolewa, bei ya shambani haikurudi, maana matangi yalikuwa bado yamejaa na meli hazikuwepo za kutosha, mpaka katikati ya Julai serikali ikalazimika kusimamisha tozo yake ya usafirishaji kwa muda ili mafuta yatoke. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Mchikichi hauzimwi. Hutoa mikungu mwaka mzima, na usipovunwa kwa wakati, mikungu huozea juu na mvuno unaofuata unaharibika. Waziri anaweza kusitisha biashara kwa wiki tatu, lakini shamba litaendelea kuzaa. Kama mnataka kumpa nafuu mwananchi wa kawaida, mpeni kwa fedha za hazina, moja kwa moja, kwa kaya zinazohitaji. Itaonekana kwenye bajeti na mtaulizwa maswali bungeni, na nadhani hiyo ndiyo sababu njia hiyo haipendwi. Marufuku haionekani kwenye bajeti.

Tozo za usafirishaji nazo ni hivyohivyo, ila zinafanya kazi kimyakimya. Msafirishaji akitozwa, haitoi tozo kwenye faida yake. Anaishusha kwenye bei anayomnunulia mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda anaishusha kwenye bei ya mikungu. Mkulima hana wa kumshushia. Mnapotangaza kwamba mmewatoza wafanyabiashara wakubwa, mjue jina la mlipaji halisi halimo kwenye orodha yenu ya walipakodi.

Na fedha hizo huenda wapi? Indonesia ilianzisha mfuko wa tozo ya mawese mwaka 2015. Sehemu kubwa kabisa ya fedha zake imekwenda kufidia bei ya dizeli inayochanganywa na mawese, na kilichokwenda kwenye kupanda upya mashamba ya wakulima wadogo ni kidogo ukilinganisha. Mtu anaweza kutetea dizeli hiyo kwamba inaongeza mahitaji na hivyo kuinua bei. Sawa. Lakini mwenye miti iliyozeeka anahitaji miche.

Najua jibu lenu litakuwa viwanda. Kwamba ukitoza mafuta ghafi na kuyaachia yaliyosafishwa, wawekezaji watajenga viwanda vya kusafisha nchini, ajira zitakuja. Malaysia ilifanya hivyo kuanzia miaka ya 1970 na ikafanikiwa. Ni kweli. Ila semeni na upande wa pili: ushuru huo hufanya malighafi iwe rahisi kwa msafishaji wa ndani, na urahisi huo unatoka kwenye bei ya shambani. Isitoshe, wanunuzi nao wana akili zao. India, mnunuzi mkubwa kuliko wote, huyatoza mafuta yaliyosafishwa ushuru mkubwa kuliko ghafi ili kulinda viwanda vyake. Kwa hiyo msafishaji wa ndani anavutwa huku na msafishaji wa nje anavutwa kule, na anayekatwa pande zote mbili ni mtu asiyemiliki hata pipa. Kama kusafisha nchini ni sera ya taifa, basi taifa zima liichangie, si wenye michikichi peke yao.

Historia ya jambo hili haina siri, na kwa Afrika inauma. Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi na ya Kati. Miche minne iliyopandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848 ndiyo babu wa mashamba makubwa ya Asia. Ugunduzi wa kwamba ukichavusha mti wenye chikichi za kokwa nene kwa mbelewele za ule usio na gamba la kokwa unapata aina ya kati, yenye gamba jembamba na nyama nyingi ya mafuta, ulitoka kituo cha utafiti cha Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Hata mdudu anayechavusha maua ni wa kwetu: hadi mwaka 1981 mashamba ya Malaysia yaliajiri watu kunyunyiza mbelewele kwa mkono, ndipo walipoletewa kifukusi kidogo kutoka Kamerun, na kazi hiyo ikaisha. Mti, elimu na mdudu vilitoka bara moja. Utajiri ukamea kwingine. Msituambie tatizo ni udongo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nigeria ilikuwa mstari wa mbele duniani katika kuuza mawese nje. Leo inaagiza. Vita vya 1967 hadi 1970 viliupiga ukanda uleule wa michikichi, na mafuta ya petroli yakawafanya watawala wasahau mafuta mengine. Lakini uozo ulianza kabla. Bodi ya mazao iliyoundwa mwaka 1949 ilikuwa ikimlipa mkulima chini ya bei ya dunia, tofauti ikiitwa akiba ya kumlinda siku bei ikianguka, kisha akiba hiyo ikatumiwa na serikali za majimbo kwa mambo mengine. Mkulima hakuandamana. Aliacha kupalilia, akaacha kupanda upya, vijana wakaondoka. Mawaziri wa wakati ule waliona tani bado zinatoka, kwa sababu mchikichi huishi miaka mingi, na kosa la leo hujulikana waziri akishastaafu.

Malaysia ilitoza pia, tena sana. Tofauti ni kwamba sehemu ya kodi ilirudi shambani ikiwa na sura inayoonekana. FELDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza ardhi iliyoanzishwa mwaka 1956, iliwapa familia zisizo na ardhi mashamba yaliyokwisha kupandwa, barabara na kiwanda karibu. Taasisi ya utafiti iliyoanza mwaka 1979 iliendeshwa kwa makato ya kila tani, na matokeo yake yakaingia kwenye mbegu. Ilikuwa na dosari zake, na misitu ililipa gharama kubwa. Ila mkulima aliyekatwa aliweza kuonyesha kwa kidole kile alichokatiwa.

Mkidhani hayo ni ya zamani, tazameni kakao. Mwezi Machi 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea. Mkulima wa Côte d'Ivoire, nchi inayoongoza duniani kwa zao hilo, alikuwa bado anauza kwa bei ya serikali ya faranga 1,000 kwa kilo, yaani kama dola 1,600 kwa tani. Ikapandishwa hadi 1,500 mwezi Aprili. Wahusika walieleza kwamba sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa imeshauzwa mapema kwa bei za zamani, na maelezo hayo ni ya kweli. Bei ya kudumu humlinda mkulima soko likianguka, hilo pia ni kweli. Ninachouliza ni kwa nini mkataba unaouza mavuno ya mkulima mwaka mzima kabla hayajavunwa unakuwa siri kwa mkulima huyo. Angeujua, angeweza angalau kuamua kama anataka kinga ya namna hiyo au la.

Kuhusu ardhi nitasema machache. Mwaka 2009 Liberia iliipa kampuni ya Sime Darby ya Malaysia mkataba wa miaka 63 juu ya takriban hekta 220,000. Kampuni ilijiondoa kwa kuuza mradi mwaka 2020, hekta zilizopandwa zikiwa kama 10,000 tu. Kwa muda wote huo ardhi nyingine ilikuwa imefungwa kwenye karatasi, na vijiji vilivyomo havijui kama vipange maisha au vingoje tingatinga. Mkataba wa kugawa eneo kubwa namna hiyo kwa mkupuo ni uvivu wa kupanga. Na hekta mpya zinazopatikana kwa kukata msitu au kukausha ardhi ya mboji zina deni lake. Moshi wa mioto ya mwaka 2015 kwenye ardhi ya namna hiyo huko Sumatra na Kalimantan, Indonesia, ulifunga shule na viwanja vya ndege hadi nchi jirani.

Hekta mpya za nini, hata hivyo, wakati zilizopo zinazaa kama nusu tu ya uwezo wake? Wastani wa dunia ni kama tani tatu za mafuta kwa hekta kwa mwaka, na mashamba yaliyotunzwa vizuri hupata tano hadi sita. Pengo hilo linaanzia kwenye mche. Mkulima asiye na fedha huokota miche inayoota yenyewe chini ya michikichi mizuri ya jirani. Inaonekana sawa kabisa na miche bora. Lakini aina ile ya kati haizai watoto wanaofanana nayo: kwa wastani nusu watakuwa kama mzazi, robo watarudi kwenye kokwa nene, na robo watakuwa wa aina isiyo na gamba, ambayo mara nyingi haizai mikungu ya maana. Mkulima atajua baada ya miaka mitatu au zaidi, atakapopasua chikichi ya kwanza na kisu na kukuta gamba nene na nyama nyembamba kama karatasi. Mti huo utakaa hapo miaka 25. Muuza miche ya uongo atakuwa ameshahama. Ni nchi chache sana kati ya zenu ambako mkulima anaweza kumshtaki mtu huyo akafika popote, na hakuna ruzuku ya mbolea itakayorekebisha mti wa namna hiyo. Vituo vya mbegu vilivyothibitishwa, miche kwa mkopo wa kulipa mti ukishazaa, na posho ya kumvusha mkulima miaka mitatu asiyovuna chochote baada ya kung'oa michikichi mizee: huko ndiko tozo ya usafirishaji ingetakiwa kuonekana, kama lazima iwepo.

Limebaki la Ulaya, nanyi mmelisema sana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka mawese, kakao, kahawa, mpira na mazao mengine yanayoingia sokoni kwake yathibitishwe kuwa hayakutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lijulikane lilipo. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja. Baadhi yenu mmeiita ukoloni mpya. Inawezekana. Ila kelele hizo hazijampimia mkulima hata shamba moja. Kwa shamba lisilozidi hekta nne sheria inakubali nukta moja ya mahali, na simu ya kawaida inaweza kuipata. Kigumu ni kuthibitisha kwamba shamba ni lake, na kuunganisha nukta hiyo na mkungu uliopitia kwa dalali. Serikali isipofanya kazi hiyo, itafanywa na kampuni inayonunua, kisha ramani ya mkulima itakuwa mali ya mnunuzi wake, naye hataweza kumwacha na kwenda kwa mwingine. Kile kiwanda kimoja cha saa 24 kitakuwa kimepata ufunguo wa pili. Ipimeni ardhi yenu wenyewe, mumpe mkulima taarifa zake azimiliki, auze kwa amtakaye.

Ombi langu la mwisho ni la karatasi moja. Kila amri ya marufuku, kila tozo mpya, kila mkataba wa ardhi au wa kuuza mavuno mapema uambatane na ukurasa unaosema, kwa kila kilo ya zao, bei ya shambani itabadilika kwa kiasi gani, kwa muda gani, na nani atafidia. Wataalamu wenu wanaweza kuuandaa kwa siku mbili, maana takwimu za bandarini mnazo zote. Uchapishwe kabla waziri hajasaini.

Wasalaam.